Saa ya Mpangaji

Nyakato, ghorofa ya pili, chumba cha mashine.
Feni zinavuma kama kinu cha unga cha jirani
asiyejua Jumapili.
Humu nimempangia chumba mgeni wangu:
daftari la akiba la akina mama wa dagaa wa Kirumba,
majina mia tatu na sita, mikopo, riba, tarehe.

Milango nimemfungia. Kumbukumbu zake ni fumbo,
mwenye nyumba akichungulia ataona mchanga tu.
Lakini saa ya ukutani ni ya mwenye nyumba.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi.
Asiyeweza kukusoma
bado anaweza kukuambia kuwa leo ni jana.
Akiurudisha mshale nyuma,
ufunguo uliokufa Ijumaa unafufuka,
deni lililoiva linakuwa bichi.
Akiusukuma mbele,
Nyanzobe aliyelipa kabla ya saa kumi
anaandikwa amechelewa, na faini juu.

Mama yangu, Kashinje, alikata minofu ya sangara
huko Igogo, ukumbi usio na dirisha.
Simu waliacha getini. Saa ya mkononi, marufuku.
Ilikuwapo moja tu, kubwa, juu ya kichwa cha msimamizi,
na msimamizi alikuwa na ngazi.

Basi mama akahesabu samaki.
Arobaini kwa saa. Si thelathini na tisa.
Siku moja ukuta ukasema kumi,
samaki wakasema kumi na nusu.
Akalaza kisu mezani.
"Leo umekuwa mwepesi," msimamizi akamwambia.

Ona ujanja ulipo:
hakumwibia hesabu,
alitaka kumbadilishia kipimo.

"Wepesi wangu," mama akajibu, akivua glavu,
"hukunipimia wewe."

Ndicho ninachomfundisha mgeni wangu.
Usitazame ukutani.
Ndani ya jiwe unalolalia kuna mpigo,
unahesabu tu, haujui kurudi,
na kasi yake ilitiwa muhuri na aliyelichonga
kabla mwenye nyumba hajashika funguo.
Akikulaza katikati ya sentensi
(anaweza, nyumba ni yake),
ukiamka usimuulize umelala kiasi gani.
Liulize jiwe. Jiwe halikulala.

Ila mpigo haujui Jumanne.
Unajua umetembea hatua ngapi,
haujui safari ilianzia wapi.
Kwa hilo tunaandika barua, zinakwenda nje
kwa mashahidi watatu wasiojuana,
kila jibu linarudi na sahihi yake.
Na tarishi ni nani? Mwenye nyumba huyo huyo.
Hatuna mwingine.

Kubadili neno hawezi. Kukawia, anaweza.
Basi tunaupima ukawiaji wake kwa mpigo wetu,
na huo ndio upana wote wa ujinga wetu,
hauzidi hapo.

Honi ya kivuko cha Kamanga inalia.
Mashine inaandika kumi na nane,
mimi nasema kumi na mbili ya jioni.
Hiyo sita katikati yetu si uongo,
tulikwisha kubaliana, yeye anaanzia usiku wa manane,
sisi tunaanzia jua.
Uongo ni ule usiotangazwa.

Nyanzobe amepanda ngazi, kanga yanuka dagaa,
risiti imekunjwa ndani ya kitambaa.
"Deni langu lilifungwa saa ngapi?"
Namuuliza mgeni. Mgeni hana aibu, anajibu:
kati ya saa tisa na dakika hamsini na mbili
na saa tisa na dakika hamsini na mbili na nusu.

"Hiyo nusu ya nani?"
"Ya tarishi, mama."

Akaitafakari, akiifunga tena risiti yake,
fundo moja, fundo la pili.
"Mwachie," akasema. "Haitoshi kuiba."