Chujio la Nne

Kabla ya bisibisi, zima swichi kuu.
Kisha jaribu tena, uone kama kweli imezima.
Nasema hivi kwa ajili ya kidole hiki:
nusu yake ilibaki Sohar, ndani ya feni.

Jengo letu la Ruwi lina ghorofa nne,
na juu ya paa mitambo inanguruma.
Mwezi wa saba chuma hakishikiki mchana;
napanda saa kumi alfajiri, kabla ya adhana,
na ndoo, sabuni, brashi laini,
na kitana cha kunyoosha mapezi ya koili,
maana yakilala, hewa haipiti.

Machujio nayaosha kila wiki mbili.
Kitabu cha kiwanda kinasema miezi mitatu;
aliyekiandika hajauona upepo wa hapa
ukibeba jangwa zima na kulibwaga mlangoni.

Vumbi ni barua, ukijua kulisoma.
Chujio la chini: unga, wa mikate ya Bi Zuweina.
La pili, kwa daktari wa meno: jeupe, kavu, halina harufu.
La tatu lina masizi ya ubani, ofisi ya mawakili
wanaofukiza kila kesi ikienda kombo.
La nne lilikuwa jeusi daima,
nyuzi za mabuibui, manyoya ya kitambaa,
ya Mofizul na vyerehani vyake kumi na viwili.

Gesi si petroli, haitumiki ikaisha.
Ikipungua, pana tundu. Litafute kwa povu la sabuni.
Msimamizi huniambia, "Ongeza tu, Muhenna, watu wanaungua."
Naongeza, naandika daftarini,
kesho yake narudi na povu langu.

Mkanda wa feni ubonyeze kwa dole gumba;
ukizama kupita upana wa kidole kizima, umelegea.
Bomba la kutolea maji limwagie siki
kabla utando wa kijani haujaliziba
na dari ikaanza kumlilia mtu mezani.

Juzi nikalitoa la nne.
Safi.
Nikaligonga ukutani, nikalimulika tochi.
Safi kama siku lilipotoka kwenye katoni.
Mtambo mzima, mkanda umekaa sawa,
baridi ikishuka usiku kucha
juu ya meza tupu, na pini moja sakafuni.

Hakuna aliyeniambia kwamba wameondoka.
Nikaliosha hivyo hivyo,
nikalianika, nikaandika tarehe,
na pale panapoulizwa hali ya chujio
kalamu ilisita kidogo, kisha nikaandika:
Halina mtu.