Bi Hasi

Nilipanga chumba Mwembe Tanganyika.
Mwembe sikuuona. Tanganyika nilikuja nayo
ndani ya mfuko wa rambo: dagaa wa mama, kilo mbili,
na kibali cha kazi chenye picha niliyokunja uso.

Mchana nafundisha shule ya wenye kulipa.
Jioni napanda ngazi ya chuma, Majengo, ghorofa ya tano,
hadi juu ya paa la Bi Nuru Shee,
kati ya matangi ya maji na kanzu zilizoanikwa.
Wananingoja saba. Zimebaki wiki tisa.
Shilingi hamsini kwa kichwa; Karisa hulipa kwa mahamri
ya mamake, ya alfajiri, nami huyala usiku
yakiwa magumu kama swali la kumi na saba.

Siku ya kwanza Swafiya aliniambia, "Mwalimu, hainelei."
Nikatazama ubaoni, nikitafuta kilichozama.
Kwetu ziwani kinachoelea ni mtumbwi.
Kwao ni maana: ikija juu, umeshaelewa.
Usiku nililala nikiwaza
kwamba hesabu nilizijua miaka yote
bila kuziona zikielea.

Na vinavyoelea, wanasema, vimeundwa.

Kanuni ya mlinganyo wa kipeo cha pili iliwagomea.
Badi alisema ina sura ya mtu aliyebeba kabati
akakwama mlangoni.
Swafiya alinyamaza siku mbili. Ya tatu akaja na ubeti
nyuma ya risiti ya tokeni za umeme:

    Bi Hasi katangulia, kajumlisha katoa
    Kipeuo kaingia, mraba akauzoa
    Nne ei si zalia, zinapotolewa ndoa
    Mbili ei chini pia, kwa mabega zaokoa

Tulicheka hadi Bi Nuru akagonga bati kwa ufagio.
Niliuhesabu kwa vidole: nane kwa nane,
hakuna silabi iliyopelea.
Mimi, mwenye cheti, sijawahi kutunga hata salamu.

Umeme ukikatika tuliendelea gizani.
Adhana ya Isha ikiita walishuka wanne,
tuliobaki tukangoja, kalamu zimelala,
hakuna aliyetangulia swali.

Sikuwaambia kwamba kidato cha sita nilikirudia,
kwamba ualimu niliingia
kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi.

Asubuhi ya karatasi ya pili nilisimama nje ya geti.
Askari alikigeuza kibali changu, mbele, nyuma,
akasema leo wageni hawaingii.
Nikanunua kachri za ishirini, sikuzila.
Kupitia dirishani nilikiona kisogo cha Karisa,
na midomo ya Swafiya ikicheza.
*Bi Hasi katangulia.* Nikajua.
Kisha midomo ikasimama,
nami sikujua tena.

Kibali kiliisha Desemba.
Matokeo yalinikuta Kigoma, juu ya paa la mama,
misumari mdomoni.
Karisa, B. Badi hakujibu simu.
Swafiya, C tupu,
isiyo na kijumlisho ubavuni,
na chuo kikuu chataka chenye kijumlisho.
"Nilisahau kutoa, mwalimu," aliandika.
"Zile nne ei si nimeziacha ndani ya ndoa."

Niliandika jibu. Nikalifuta. Nikaandika jingine,
refu, lenye methali. Nikalifuta hilo kwanza.

Mwezi wa tatu ikaja sauti kwenye simu:
watoto, wengi, siwajui,
wanakariri kwa pamoja, na chini yao
bati, na ufagio wa Bi Nuru.
Wakafika mstari wa tatu. Sauti moja ikawasimamisha.
"Tena," ikasema. "Polepole.
Hapa ndipo mimi nilipoanguka."

Chini yake ameandika:
hamsini kwa kichwa.
Wawili wanalipa kwa mahamri.