Namba Kumi na Saba

Mhadhiri aligawa dodoso, ukumbi wa pili, Lublin,
theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyetu.
Weka alama, moja hadi tano.
Yaliyopita hunijia bila kuitwa.
Huwa naifikiria kesho kuliko leo.
Na ya kumi na saba:
Huwa nalikabili tatizo kabla halijabisha hodi.

Kalina alijaza yote kwa dakika nne,
tano, tano, tano, akafunga kalamu.
Mimi nilikwama.

Jana yangu haikai nyuma.
Hukaa dawati la mwisho, karibu na bomba la joto,
pale walipomweka kaka yangu Ksawery na kalamu za rangi
miaka sita, asisumbue wenzake.
Alichora matrekta, daftari baada ya daftari.
Hakuna aliyemuuliza yanalima wapi.

Na kesho yangu ina jina: Gniewko,
miaka minane, kila Alhamisi ya mazoezi ya kufundisha.
Kengele ya moto humpasua.
Oktoba walimkuta chini ya sinki,
amejiuma mkono, dakika arobaini.
Wakaandika ripoti. Ripoti nzuri, yenye mhuri.

Nikaomba tarehe ya zoezi lijalo: kumi na tisa.
Nikachora kadi tano. Kengele. Koti. Mlango. Uwanja. Kurudi.
Tukahesabu hatua kutoka kitini hadi nguzo ya bendera,
sitini na mbili.
Kengele nikaitia kwenye simu,
kwanza ndogo, nzi ndani ya kikombe,
kisha nyuki,
na hapo kwenye nyuki tukakaa wiki mbili.
Kalina alicheka: utakufa ukipanga.
Huenda.

Tarehe kumi na mbili mpishi akaunguza mkate.
Kengele ikalia, ya kweli, wiki nzima mapema.
Mimi, fundi wa kesho, nikaganda.
Kadi ziko mkobani, mkoba uko kabatini,
ufunguo sijui.
Nikawa tena msichana wa miaka kumi
anayetazama dawati la mwisho.

Koti, akasema Gniewko.
Macho kayafumba, viganja masikioni,
anatetemeka kama kifuniko cha sufuria.
Koti! kwa ukali,
kama anayemfundisha mwanafunzi mzito.
Nikavaa.
Mlango.
Sitini na tano, tatu zikiongezwa na barafu.

Uwanjani alilia. Sitasema hakulia.
Alilia amesimama,
akiniuliza, Kurudi? Kurudi?
Bado, nikamwambia. Bado kidogo.
Sikuwahi kulisikia neno hilo
likiwa na mguu mmoja huku na mwingine kule.

Karatasi yangu ingali na pengo.
Mhadhiri ameandika: tafadhali kamilisha.
Nimempigia Ksawery kwanza, yuko kitaluni huko Chełm,
mikono udongo mtupu, simu kaibana begani.
Yale matrekta, nimemuuliza, yalikuwa yakilima wapi?
Amenyamaza hadi nikadhani laini imekatika.
Hayakuwa yakilima, akasema.
Yalikuwa yakisubiri mafuta.