Jozi

Mimi ni mtunza ushahidi, sikamati mtu.
Ghala langu liko chini ya kituo cha polisi, Kotka, Ufini,
ambako Januari huingia kwa mlango wa nyuma
na kukaa hadi Aprili bila kuulizwa.

Inspekta Vuokko Lehtisaari namjua kwa saini:
V iliyochongoka, halafu mstari uliochoka.
Kesi kumi na nane zimepita mikononi mwake
na mji huzisimulia kama mfululizo wa vitabu,
kila moja na jina lake;
watu wanalijua goti lake bovu, talaka yake,
gari lisilowaka asubuhi.
Ile ya tatu hawaisimulii.

Kila mwaka, tarehe tisa Februari,
hushuka ngazi akishikilia ukuta,
huandika saa, huandika jina,
huomba sanduku la Saimi, miaka kumi na mmoja.
Ndani mna glavu moja, ya kushoto, sufu nyekundu.
Huitazama. Haigusi.
Dakika nne, kisha huirudisha, huandika saa tena.
Usidhani mwenye kovu amepoa.

Mwaka huu alikuja Novemba.
Theluji ya viatu vyake iliyeyuka sakafuni mwangu
na sikumgombeza.
Alikuwa na mfuko uliofungwa kwa lakiri
kutoka kwa mzee Heikkurinen, muuza kuni za sauna,
aliyeuawa juzi kwa shoka la mpwawe:
kesi ya kumi na tisa, ugomvi wa shamba, kesi nyepesi,
Konstebo Eelis alikuwa ameshaipiga mhuri.
Ila Vuokko alirudi kupekua banda mara ya pili
kwa sababu orodha ilisema "vitambaa mbalimbali"
naye hajawahi kuliamini neno "mbalimbali".

Tuliziweka kando kando mezani.
Karibu na kidole gumba bibi yake Saimi aliruka fundo moja,
na kwenye glavu ya pili akaliruka tena, palepale,
makusudi, ili zifanane.

Wa kutiwa pingu yuko mochwari.
Vuokko hakulia. Aliomba kalamu,
yake ilikuwa imeganda.

Sheria ni sheria: namba mbili, rafu mbili,
ya tatu huku, ya kumi na tisa kule.
Nilizipanga hivyo, nikazima taa,
nikapanda hadi mlangoni.

Nikashuka tena.
Daftari halisemi nilichofanya.