Kimeng'enya

Hospitali ya Ibra, wadi ya watoto, saa tisa ya usiku.
Mundhir kalala, weupe wa macho umekuwa bizari,
na mkojo wake kwenye kopo: kahawa,
ile chungu, ya matangani.

Daktari anasema Kiarabu cha haraka,
mimi namfasiria bibi kwa Kiswahili chake cha Wete.
Damu ina chembe nyekundu, bibi,
na kila chembe ina mlinzi wake.
Kimeng'enya.
"Kimeng'… nini?"
Kimeng'enya. Jina lake kamili ni herufi na namba,
kama gari la serikali.
Cha mtoto huyu ni haba.
Akila bakila, chembe zinapasuka.

"Bakila hizi za moto, za kikombeni?"
Hizo hizo. Na hina ajihadhari nayo.
Na vile vidonge vyeupe vya nondo
ulivyotia kwenye sanduku la kanga zako.

Daktari kachukua karatasi. Mwanamke duara,
mwanamume mraba, na mistari inashuka
kama falaji inavyogawa maji, shamba hadi shamba.
Mama hubeba, aghalabu bila kuumwa. Mwana ndiye hudhihirisha.
Mimi: duara, nusu imetiwa wino.
Mama yangu, nusu.
Bibi (kalamu inasita)
nusu.

Bibi kimya. Kisha:
"Nilikuwa na kaka. Hemedi. Miaka tisa.
Alishikwa na homa, akapewa vidonge vya malaria,
siku ya tatu akakojoa kahawa.
Tukasema jicho.
Tukasema Mize, wa nyumba ya pili,
aliyemsifu nywele wiki ile.
Hakuna aliyenunua tena mkate wake wa kumimina.
Alihama na chungu chake kichwani, mchana kweupe,
na sisi watoto tukamrushia maganda."

"Anasema nini?" kauliza daktari.
Usiku kucha nafasiri, hapa Kiarabu kimenikauka.
Anasema alikuwa na kaka.
Kachora mraba, kaujaza wino wote.
Mize hakuchorwa.
Si damu yetu.

Alfajiri wakatundika mfuko:
damu ya mtu tusiyemjua, tone, tone,
ikiingia mkononi mwa Mundhir.
"Nani huyu?" kauliza bibi. "Nipeni jina nimwombee."
Hospitali haitoi majina, bibi.

Akaitazama ile mipira ikishuka.
Akainua mikono,
akamwombea Mize.