Onyesho la Kumi na Nne

Mama Mwantumu amefariki filamu ikiwa nusu.
Tulimlipa nauli na sahani ya ubwabwa;
akaigiza mkwe, akatusahihisha sote.

Shekiondo, fundi simu wa Ngamiani,
Barabara ya Kumi na Tatu,
anasema si neno:
akili mnemba itamrudisha,
sauti, kanga, mwendo,
kabla chai haijapoa.

Simu tukaiegemeza kopo la maziwa.
Akatokea. Akacheka.
Meno yote yapo.

Mama Mwantumu alikuwa na pengo.
Kila akicheka alilifunika kwa upindo wa kanga,
na mkono ule ukipanda
ndio nilioufuata na kamera mwaka mzima.

"Andika tu *pengo*," akasema Shekiondo, "italitoboa."

Sikuandika.
Tulianza na kamera ya harusi, ya kuazima.
Tukauza kanda, diski, kadi;
kila mlango ukifungwa, tulipita dirishani.
Kesho huenda asihitajike hata mtu wa kupigwa picha.
Haya.

Onyesho la kumi na nne:
uani, kifumbu, nazi nusu,
mbuzi haijakaliwa.
Mwali anaingia, anasema yake,
anakosea neno,
ananyamaza
akingoja kusahihishwa.