Safu ya Dirishani

Januari, Wałbrzych. Theluji imeziba jina la shule getini.
Mwalimu Jagoda amebaki na jedwali la imla:
miezi minne, watoto ishirini na saba.

Mkuu wa shule ameshaandika pembeni,
*Wazito wa kuelewa. Washushwe kundi.*
Tisa. Amewapigia mstari kama mshonaji anayekata kitambaa.

Jagoda anayahesabu makosa upya.
Herufi ngumu wamezipata. Walichokosa ni miisho:
kila neno limekatwa mkia.
Septemba walikuwa sawa na wenzao,
kisha, katikati ya Oktoba, shimo.

Anawapanga tena, si kwa alama, kwa viti.
Tymek, Oliwka, Gniewko, yule pacha asiyecheka:
wote safu ya dirishani,
juu ya boila inayowashwa baridi ikianza.

Anaketi kwenye kiti cha Gniewko, magoti yakigonga meza,
anamwomba Bi Halszka, mfagiaji, asimame ubaoni asome chochote.
Halszka anasoma bei za sokoni kutoka gazetini.
*Via—*, anasikia Jagoda. *Vitung—. Karo—.*

Kumbe kilichowala kilikuwa nguoni mwetu.

Asubuhi anaivuta safu hadi ukutani.
Hana ripoti ya kumpelekea mkuu,
ana karatasi moja yenye duara la kikombe cha chai
na fundi aliyekubali kuja Alhamisi, akikumbuka.

Ijumaa Gniewko ameandika neno zima, mpaka mkiani,
akakosea herufi ya kwanza.
Jagoda anatia alama nyekundu pale,
taratibu, kama mtu anayekula tunda.